Muulize Fundi: Kutu imekula kizingiti, nitie puti au nikate?

Masika yakimalizika tu barua za kutu huwa nyingi, na safari hii zimekuja za Unguja na Pemba kwa pamoja, kwa hivo ukurasa mzima tumeuachia bodi. Masuali ya injini yatasubiri toleo lijalo, tustahamiliane.

SUALI: Assalam alaykum fundi. Mie nipo Jambiani, nna pikapu Toyota Hilux ya zamani nnabebea mwani kupeleka mjini. Chini ya milango pande zote mbili rangi imefura, nikibonyeza inavunjika inatoka unga mwekundu, na upande wa dereva pameshatoboka kidole kinaingia. Fundi mmoja kaniambia atatia puti na rangi siku moja tu gari naichukua, mwengine anasema lazma akate achomelee bati jipya na bei yake ni kubwa mno kuliko ya yule wa mwanzo. Kijana wangu anasema huyo wa pili anataka kunila tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu. Msikilize huyo wa pili. Ila ntakueleza na sababu, manake ukiijua sababu hata huyo wa pili utaweza kumsimamia kazi yake asikukatie njia.

Kutu hiyo haikuanzia nje. Kizingiti cha chini ya mlango ni boksi la bati lenye uwazi ndani, maji ya mvua na tope inayorushwa na matairi vinaingia humo, na kiwandani waliacha vitundu chini ili maji yatoke. Vitundu vikizibwa na mchanga maji yanakaa, na bati linaanza kuliwa kutoka ndani kuja nje. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivo inasukuma, na kinachosukumwa mwisho ni rangi, ndo hiyo unayoiona imefura. Yaani wewe unaona uvimbe wa sarafu moja nje, ndani kilicholiwa ni kiganja kizima. Chukua bisibisi, gonga kwa kishikio chake taratibu toka mlango wa mbele mpaka nyuma, pazima patalia kwa sauti kavu, palipooza sauti inakufa, na ukigeuza ncha ukasukuma kidogo inazama. Piga mstari wa chaki kila inapozama. Fanya hivo kabla hujaenda kwa fundi yeyote, usikubali akupigie bei kwa kutizama kwa macho tu.

Sasa ongeza mwani juu yake. Toka mwani uanze kulimwa kibiashara huko kwenu kusini mashariki, mwaka 1989 hivi, pikapu za ukanda huo zinaoza kwa namna yake, na watu wanadhani ni kwa sababu ya maji. Maji ni nusu tu ya habari. Hata mwani uliokauka ukatiwa kwenye magunia umejaa chumvi, chumvi inamwagika kwenye bodi inaingia kila kiungio, na chumvi hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi inaanza kuvuta maji kutoka hewani yenyewe. Kwetu visiwani unyevu huo ni jambo la kila siku, usiku ndo usiseme. Kwa hivo gari yako imelala bandani, mvua haijanyesha, na ndani ya kile kizingiti kuna umajimaji wa chumvi unakula chuma usiku kucha. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya chuma, ndo maana gari ya pwani inaliwa mbio kuliko ya ndani.

Puti je? Puti ni gundi iliyochanganywa na unga laini wa mawe, na inanyonya unyevu. Kazi yake ni kusawazisha uso wa bati zima, unene wa milimita 2 au 3 basi. Haikuundwa kuziba tundu. Fundi wa siku moja atakachofanya ni kushindilia gazeti au kipande cha wavu ndani ya tundu, atabandika puti juu, atapiga msasa, atapiga rangi, na wallahi ukiipokea utafurahi, inang'aa. Nyuma ya hiyo puti kutu iko vile vile ilivokuwa, tena sasa imepata kitambaa cha kuitunzia unyevu. Masika moja ikipita inafura upya na safari hii tundu ni kubwa zaidi, na ile rahisi uliyoikimbilia umeilipia mara mbili.

Na jambo moja khasa kwa wasomaji wenye gari ndogo za saluni, Starlet, Corolla, na gari nyingi za jamii hiyo. Pikapu ya mzee wetu ina chesisi, ile fremu nzito ya chuma iliyo chini ya bodi, kwa hivo kizingiti kikilegea gari haikunjiki. Hizo ndogo hazina chesisi ya peke yake, kizingiti ndo mgongo wenyewe wa gari. Ukitia puti kwenye kizingiti cha gari hiyo umepaka rangi mgongo uliovunjika na siku ya kugongwa ubavuni hakuna kitu baina yako na ile gari nyengine. Hapo mie sina maneno ya katikati, hapo ni kukata tu.

Haya, kazi yenyewe mzee wangu. Kabla ya cheche yoyote, waya hasi wa betri utolewe, zulia na viti vya upande huo vitoke nje, na tangi la mafuta kama liko karibu lishushwe kabisa. Usikubali maneno ya "tangi tupu halina neno", tangi tupu ndo lina mvuke, na mvuke ndo unaolipuka. Bomba la mafuta nalo mara nyingi linapita karibu na kizingiti humo humo chini, lifuateni kwa mkono mulijue liko wapi. Ndoo ya mchanga au mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mtu wa kuutumia awe macho, sio yuko dukani ananunua maandazi.

Halafu akate mpaka afike kwenye chuma cheupe, azidishe inchi moja mbele ya pale kutu inapoonekana kuishia, manake ukichomelea bati jipya kwenye bati lililoliwa, moto unatoboa pale pale na mnabaki kufukuzana na matundu. Bati la kutilia liwe bati bapa la chuma, geji 18 kwa kizingiti, yaani milimita 1.2 hivi, na geji 20 kwa ngozi ya mlango au fenda, hiyo ni karibu milimita 0.9. Muulize anachomelea kwa nini. Akisema kwa mashine ya waya, mig, vizuri. Akisema gesi na mkono wake unajulikana, pia sawa ila bati litapata moto mwingi. Akisema kwa fimbo, zile elektrodi za mageti na madirisha, mshukuru uondoke, moto wake ni mkali mno kwa bati jembamba.

Na asichomelee mstari mrefu kwa pumzi moja. Anapiga nukta moja hapa, nyengine mwisho kule, anarudi katikati, anaacha kunapoa, anaziunganisha kidogo kidogo mpaka nukta zote zimeshikana. Akivuta mstari mmoja bati linapinda na mlango hautofunga tena kama zamani. Mwambie kila baada ya muda aufunge mlango atizame mwanya wake, kabla gari haijaharibika, sio baada.

Sasa sikiliza hapa ndo penye kiini na ndo mafundi wengi wazuri wanapoacha. Moto wa kuchomelea umeunguza rangi yote ya ndani ya boksi, pale nyuma ya mshono, usipopaona. Chuma kiko uchi. Nje watapaka praima ya epoksi, ile rangi ya mwanzo ya kukinga chuma, watatia sila ya kuziba kwenye maungio, puti nyembamba, rangi, kila kitu murua, na ndani hamna kitu. Kutu mpya itaanzia hapo hapo kwenye mshono. Kwa hivo bei mnayokubaliana iwe na nta ya ndani ya bodi, ile ya kopo lenye mpira mrefu, mpira unaingizwa kwenye kitundu cha maji na kupuliza mpaka nta inaanza kuchuruzika chini kwenye kila kiungio. Ukiikosa dukani, oili nzito mpya ya gia iliyopulizwa kwa kompresa inafanya kazi, ila hiyo utairudia kila mwaka. Na vitundu vya maji vibaki wazi, baada ya kazi pitisha waya kila kimoja.

Kuhusu mwani wenyewe: tandika vichaga vya mbao kwenye bodi ili magunia yasilale juu ya bati, na kila ukirudi kutoka mjini mwagia maji baridi, sio juu tu, chini pia, ndani ya matao ya matairi na ukingo wa bodi. Najua huko kwenu visima vingine vya karibu na pwani maji yake ni ya chumvi, hayo usioshee, ni bora usioshe kabisa ukasubiri ya bomba au ya mvua.

SUALI: Fundi khabari za kazi. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Chake, nna Vespa ya marehemu baba naipenda mno, lakini pale pa kuekea miguu pameoza, ukitizama chini unaona barabara. Nimeshauriwa nitie bati la alumini juu yake nipige ripiti. Inafaa?

JIBU: Dada yangu pole na mzee, Mungu amrehemu. Alumini na ripiti haifai, na ntakwambia kwa uwazi kwamba kuiendesha hivo ilivo pia haifai.

Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyengine. Toka Piaggio walipoanza kuitoa mwaka 1946 ubunifu wake ni huo, bodi ya bati iliyopigwa muundo ndo fremu yenyewe, na pale pa miguu panashika mbele pamoja na nyuma. Ikioza hapo shingo ya mbele na gurudumu la nyuma vinashikana kwa ule mkondo wa bati uliopita katikati ya sakafu peke yake. Bati la alumini likilazwa juu litaficha tundu, maji yataingia baina ya mabati mawili na hayatoki, na mabati ya aina mbili yakikutana kwenye maji ya chumvi yanalana. Kwa hivo unapata sakafu nzuri kwa juu na hakuna kilichoshikwa.

Anza kwa kutoa zile reli za mpira za kukanyagia, chini yake ndo penye kutu iliyojificha, halafu tizama pande mbili: tundu la pedeli ya breki na pale stendi inapofungwa. Hapo ndo panapoliwa mwanzo kwenye Vespa karibu zote. Kama kilicholiwa ni ukingo tu fundi atakata na kutia viraka vya geji 18. Kama sakafu yote imekwenda, inatiwa sakafu mpya, lakini kuna sharti: asikate pande zote mbili kwa mara moja. Kwanza achomelee vyuma vya muda vya kushikilia shingo na nyuma, apime, akate upande mmoja amalize, ndo ahamie wa pili. Ikipinda nusu inchi tu hapo chombo kitavuta upande mmoja maisha yake yote. Tangi litoke, waya na kebo za kwenye mkondo wa katikati zitoke, na siku ya kurudishiwa mwambie fundi asimamishe Vespa kwenye sakafu bapa, wewe ukae nyuma utizame magurudumu yote mawili kama yako mstari mmoja. Ukilipa kabla ya kutizama hilo shauri yako dada yangu.

Chombo cha baba kinastahili. Hiyo kazi ikifanywa sawa utakipanda mpaka wanafunzi wako wawe walimu.

SUALI: Mie nachomelea magari Mwanakwerekwe, wateja wengi hawana pesa ya bati bapa wananiletea bati la kuezekea lililobaki. Naweza kutumia?

JIBU: Hapana kaka'ngu. La geji 28 au 30 halifiki hata nusu milimita, utalitoboa, na lisipotoboka halina nguvu. Jengine linahusu kifua chako. Bati la nyumba limepakwa zinki, ukilichoma linatoa moshi mweupe, na moshi ule ukiuvuta mchana usiku unashikwa na homa, baridi, mwili wote unauma, watu wanadhani malaria. Wenzetu wengi wanakunywa maziwa kabla ya kazi wakiamini yanakinga. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni, havikutani. Kitu chochote cha zinki ikiwa lazma kichomewe, isage ile zinki kwanza inchi moja pande zote za mshono, fanya kazi nje, upepo ukutoke ubavuni. Mteja mwambie ukweli, bati bapa la kiraka kimoja halimshindi mtu mwenye gari.

SUALI: Fundi, nnataka kuagiza gari kutoka Japani, ya miaka mingi kidogo kwa sababu ya bajeti. Rafiki anasema gari za Japani hazina kutu. Kweli?

JIBU: Si kweli kijana wangu. Kaskazini kwao, Hokkaido na mikoa ya Tohoku, theluji inaanguka na wao wanamwaga chumvi barabarani kuiyayusha, gari ya huko chini inakuwa imeliwa na wewe unaletewa picha za juu tu. Omba karatasi ya mnada, mle kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati, na namba ikiwa kubwa hali ni mbaya zaidi. Omba na picha za chini, chesisi, mahali springi zinapokaa, na mabomba ya breki. Anayekataa kutoa picha za chini mwache. Na gari ikiwa tayari ipo bandarini au kwa mtu hapa hapa, chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa chembamba usikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya matairi. Inapovuta kwa ulegevu au haivuti kabisa hapo pana puti nene.

SUALI: Wete hapa. Watu wanapuliza oili chafu chini ya gari, wengine wanapaka lami. Ipi bora?

JIBU: Lami juu ya kutu ni mbaya kuliko kutopaka kitu, inapasuka, maji yanaingia chini yake hayatoki, na wewe huoni chochote mpaka chesisi itoboke. Oili chafu inakinga kidogo ila inalainisha mipira ya bushi, inadondoka ardhini inakwenda kwenye visima vyetu, na haifai ngozini. Safisha, kausha siku mbili za jua, paka ile ya kuzuia kutu inayoganda palipo chuma kizima, na palipoanza kutu sugua kwa brashi ya waya upake dawa ya kugeuza kutu kwanza. Dawa hizo nyingi zina asidi ya fosforiki au tanini, tanini ni ile ile iliyojaa kwenye magome ya mikoko yenu hapo Pemba, inashikana na kutu inakuwa tabaka jeusi gumu. Inafaa kwa kutu ya juu juu tu. Bati lililotoboka haligeuki kitu.

SUALI: Nshamaliza kuchomelea mwenyewe mlango wa Suzuki Carry yangu, nipo Nungwi. Ni wakati gani bora kupiga rangi? Nimejaribu asubuhi rangi ikatoka ina ukungu mweupe.

JIBU: Ukungu huo ni unyevu. Tina, ile ya kuzimulia rangi, inapokauka inapoza bati, hewa yenye maji inagusa hapo inaganda ndani ya rangi. Alfajiri bati lina umande hata kama huuoni. Ngoja saa nne asubuhi jua limeshapasha, bati liwe na joto la wastani mkononi, na siku ya mawingu mazito achana nayo. Miezi ya kaskazi baina ya vuli na masika ndo mizuri zaidi. Kusi pia hewa si mbaya ila upepo wake unaleta vumbi na chumvi ya bahari, kwa hivo piga ndani ya banda lililofungwa upande wa pwani, na kila kabla ya koti jipya futa bati kwa kitambaa safi chenye maji baridi, kausha, halafu kitambaa cha tina. Ukiacha hivo chumvi inabaki chini ya rangi na utaona vipele vidogo vidogo kabla mwaka haujesha.

Kama rangi yako ni ya kuchanganya na hadena, ile dawa ya kuigandisha, usiipulize kwa kujifunga kitambaa puani. Hadena zile zinaleta pumu ya kudumu, na pumu ikishaingia haitoki. Barakoa ya vichujio vya mkaa, mlango wazi, watoto mbali. Na chuma ulichokisaga leo kipakwe praima leo leo kabla ya magharibi, hapo Nungwi ulipo asubuhi utakikuta kishapata wekundu.